Jina la Mwenye Nyumba

Kabambare, tarehe 11 mwezi wa tatu, 1956

Yaya yangu Mwamvita, dada yangu mkubwa,

Barua hii imepanda kamyo, lile lori la pamba, kwa hiyo usishangae ikikufikia na vumbi jingi kuliko maneno. Mimi na watoto tu wazima. Jino langu tu ndilo linalotaka kunitawala. Mama je? Mwambie ile chumvi aliyoagiza nimeipata.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Wiki iliyopita nyumba ya karani mwenzangu, Théophile, iliungua mchana kweupe, ikabaki kuta tu. Tukaenda kumpa pole tukijua tutamkuta analia. Tukamkuta anakunywa chai! Kumbe alikuwa na karatasi ya asiransi, yaani bima. Kila mwaka unaipa kampuni kidogo, na siku nyumba ikipatwa na balaa, kampuni inakujengea nyingine. Mafundi wamekwisha anza kazi kwake.

Tangu hapo naiwaza nyumba ya Baba. Ni kweli mabati yale nilinunua mimi, lakini anayekaa na Mama ni wewe. Anayemchemshia uji ni wewe. Mimi niko huku mbali, na hata Baba alipokufa nilifika kaburi limekwisha fukiwa. Nikiuwaza moto, najiuliza nani atakuwa karibu siku hiyo, na jibu si mimi. Jambo hili linanitesa, Yaya.

Nimesikia Kasongo amefika wakala wa kampuni moja ya Bukavu, jina lake Grégoire. Ana karatasi za aina tatu. Mwite, mkae, akueleze kila moja, kisha uniandikie. Usichukue ya kwanza kwa kuwa bei yake ni ndogo. Rahisi ni ghali.

Mdogo wako,
Atumani bin Lukumani

*

Kasongo, tarehe 25 mwezi wa tatu, 1956

Mdogo wangu Atumani,

Jino ling'oe. Mwanaume mzima unaogopa koleo?

Grégoire wako amekuja, na baiskeli, na soksi ndefu, na mfuko umejaa makaratasi. Ni kijana mpole, Mkristo wa upande wa Bukavu, hana hata miezi miwili hapa mjini. Alipotaja karatasi yake akaiita "polisi", ndivyo wasemavyo kwa Kifaransa chao. Mama aliposikia hivyo akaingia ndani akafunga mlango, akapaza sauti dirishani: "Mwambie hapa kwetu hapana mwizi!" Ilinichukua nusu saa kumtoa.

Sasa sikiliza. Karatasi ya kwanza inalinda moto tu, tena moto uliozaliwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Ukitoka kwa jirani, shauri yako. Ya pili inalinda moto wowote, wa kwako, wa jirani, hata wa radi. Ya tatu inaongeza upepo na wizi, na bei yake inaongezeka vilevile. Nilimwuliza kama kuna ya nne inayolinda wanawake na wakala wanaoongea sana. Akacheka mpaka akamwaga kahawa.

Ana maswali mengi kuliko hakimu. Paa ni la nini? Jiko liko hatua ngapi kutoka ukutani? Mnaweka mafuta ya taa ndani? Jibu moja la uongo, anasema, linaiua karatasi yote, hata ukilipa miaka kumi. Nikampimia hatua za jiko mbele ya macho yake. Ni nne, naye anataka kumi.

Nikuambie ukweli, moyo wangu haukutulia. Kukaa barazani na mgeni tukiutaja moto, moto, moto, juu ya nyumba ya Baba, ni kama kuuita kwa jina. Lakini Théophile alikunywa chai, umesema.

Ameuliza pia jina la mwenye nyumba. Nimemwambia arudi baada ya mwezi, kwanza nikuulize wewe.

Yaya wako,
Mwamvita

*

Kabambare, tarehe 9 mwezi wa nne, 1956

Yaya Mwamvita,

Nimeng'oa. Sitaki tena mazungumzo juu ya jambo hilo.

Chukua karatasi ya pili. Ya kwanza ni mtego, kwa sababu jirani zetu wote wameezeka majani, na moto wa Kasongo siku zote hutoka kwa jirani. Ya tatu ni ya Wazungu na maduka yao. Upepo gani utayang'oa mabati niliyoyapigilia mwenyewe? Na wizi, mwizi ataiba nini kwetu, vikombe vya Mama?

Jiko la zamani libomoe, ujenge jingine kule karibu na mchungwa. Mafuta ya taa weka nje. Jibu maswali yote kwa ukweli, usimfiche Grégoire hata kidogo. Baraza yetu imeezekwa majani, basi sema ni ya majani.

Kuhusu jina, mpe langu. Usiwe na wasiwasi, ni kanuni tu. Kampuni inataka jina la mtu mmoja mwenye kazi, na anayelipa ni mimi. Haina maana nyingine yoyote. Karatasi ikitoka nitumie huku niitunze mimi, maana kwenu mchwa ni wengi. Nasema tena, ni kanuni tu.

Mdogo wako,
Atumani

*

Kasongo, tarehe 30 mwezi wa nne, 1956

Mdogo wangu,

Kazi imekwisha. Ni karatasi ya pili, kama ulivyosema. Jiko jipya liko hatua kumi na mbili, nimezidisha mbili ili Grégoire asilale na mashaka. Mambo yote yameandikwa.

Karatasi nimeiweka sandukuni kwa Mama. Sitaituma, barua zinapotea njiani, na mchwa wa Kasongo si wakubwa kuliko wa Kabambare. Mama anakusalimu. Chumvi ilifika, nusu ikiwa maji.

Mwamvita

*

Kasongo, tarehe 19 mwezi wa nane, 1956

Atumani,

Anza na hili: Mama mzima. Hakuungua hata nywele.

Nyumba imekwenda. Juzi, baada ya sala ya adhuhuri, Emilienne jirani yetu alikuwa anakaanga mihogo, moto ukashika paa lake, upepo ukauleta kwenye baraza yetu, na kutoka baraza ukapanda kwenye mbao. Watu walikuja na ndoo, wakaja na migomba, lakini kiangazi hiki visima vyenyewe vimekauka. Mabati yako yalijikunja, yakaanguka moja moja. Tulitoa sanduku, mikeka, na Kurani ya Baba. Tuko kwa Baba Mdogo Kasimu, mimi na Mama, chumba kimoja.

Mama anakwenda pale kila asubuhi na ufagio, anafagia sakafu isiyo na paa.

Mwamvita

*

Kabambare, tarehe 27 mwezi wa nane, 1956

Yaya yangu,

Nimelia, sikufichi. Kisha nikakumbuka karatasi ya pili, nikasema alhamdulillahi! Moto wa jirani, neno kwa neno! Tungechukua ile ya kwanza leo tungekuwa watu wa kuombaomba. Mwambie Mama aweke ufagio chini, atafagia nyumba mpya, na safari hii baraza nayo itakuwa ya mabati.

Mwite Grégoire leo hii. Kampuni italeta mkaguzi kutoka Bukavu, na mimi nitaomba ruhusa niwepo, maana atataka kuniona mimi mwenyewe, mwenye jina. Niandikie tarehe. Mbona barua yako ni fupi, na bima hukuitaja hata mara moja? Umeshtuka, najua.

Mdogo wako,
Atumani

*

Kasongo, tarehe 8 mwezi wa tisa, 1956

Mdogo wangu Atumani,

Usije. Kwanza soma barua hii mpaka mwisho, kisha unitukane.

Jina lako halimo katika karatasi. Limo jina la Baba.

Ile barua yako ya mwezi wa nne niliisoma mara tatu. Ulisema "ni kanuni tu", ukasema tena, "ni kanuni tu". Ukataka karatasi ije kwako. Nikajiambia: Mwamvita, nyumba haijagawanywa, kila mtu anasubiri kwa heshima ya Mama, na sasa mwenzako anatafuta karatasi yenye jina lake peke yake na muhuri wa kampuni. Siku Mama akifariki atakuja na karatasi, na wewe utakuja na ufagio. Nilikuwaza hivyo, wewe niliyekubeba mgongoni. Mungu anisamehe.

Grégoire aliporudi akauliza, "Mwenye nyumba ni nani?" Nikamjibu kama mtaa wote unavyojibu: "Nyumba ya Mzee Lukumani." Mpaka hapo haukuwa uongo. Akauliza, "Yuko wapi?" Hapo ndipo ningesema yuko makaburini huu mwaka wa tatu. Nikasema yuko ndani, mgonjwa, hawezi kutoka. Nikaingia na karatasi na wino, nikamshika Mama mkono, nikamwambia ni karatasi ya chanjo, nikabonyeza kidole chake. Mama wa watu alikaa eda miezi minne na siku kumi kwa mume wake, na mimi nimemfufua huyo mume kwa kidole chake mwenyewe. Hatua za jiko nilipima kwa haki, Atumani, mpaka nikazidisha mbili. Uongo wangu ulikuwa mmoja tu, na ndio ulioiua karatasi.

Sasa mkaguzi, Mzungu, atafika tarehe 29. Grégoire bado hajui kitu. Anauliza tu kama Mzee amepata nafuu, na kila akiuliza natamani ardhi inimeze.

Nilimwambia Baba Mdogo Kasimu. Badala ya kunigombeza alicheka, akasema: "Mimi na mukubwa yangu tulitoka tumbo moja, sura moja. Muzungu atajua nini? Nitavaa kanzu, nitakaa kwa kiti, nitakohoa. Wewe utanyamaza tu." Mtaa wote uko upande wetu, hata Emilienne.

Nyumba ya Mama iko mikononi mwangu, nami nimekwisha iteketeza mara moja. Sema neno moja, ndiyo au hapana, nitalifuata.

Yaya wako mwenye aibu,
Mwamvita

*

Kabambare, tarehe 17 mwezi wa tisa, 1956

Yaya,

Sitakutukana. Ningepata wapi mdomo?

Uliyoyawaza ni kweli. Hapa wanagawa viwanja katika mtaa wa makarani, na anayeomba anatakiwa aonyeshe kwamba tayari ni mwenye nyumba. Karatasi ile ilikuwa ya hilo. Na kulikuwa na jingine nyuma yake, ambalo sikulisema hata kwa mke wangu. Nilijua kwamba siku Mama atakapofunga macho, mimi nitakuwa na kitu mkononi na wewe huna. Sikupanga kukufukuza. Nilipanga tu kuwa na karatasi. Nimejaribu siku nyingi kuona tofauti ya mambo hayo mawili na sijaiona. Ulinijua kuliko nilivyojijua, nawe ndiwe unayeomba msamaha!

Neno unalotaka ni hili: ndiyo. Mwache Baba Mdogo akae kitini. Dhambi yetu tutaibeba sisi, Mama asilale chumba cha watu. Lakini usimweleze Mama chochote. Siku hiyo mpelekeni mahali.

Ruhusa nimenyimwa, msimu wa pamba uko mlangoni. Labda pia sikuiomba kwa nguvu.

Mdogo wako,
Atumani

*

Kasongo, tarehe 3 mwezi wa kumi, 1956

Mdogo wangu Atumani,

Nilifuata neno lako. Nikuambie lilivyokwenda.

Mama tulimpeleka mapema kwa Faida, binti wa Baba Mdogo, akamsaidie kupepeta mpunga. Baba Mdogo alivaa kanzu ya kuazima, akakaa kitini mbele ya kuta zetu, akaanza kukohoa hata kabla Mzungu hajashuka garini. Mzungu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alizunguka, akapima kuta, akanusa mbao, akaenda kwa Emilienne, akarudi akasema kwa mdomo wa Grégoire kwamba moto ni wa halali na karatasi imechaguliwa vizuri. Nasema ukweli, wakati ule nilifurahi. Niliona mabati mapya.

Akamgeukia Baba Mdogo. Grégoire akatafsiri: "Bwana anasema, Mzee Lukumani, aksanti kwa kungoja. Utie kidole hapa."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Ungo wa Faida ulikuwa umetoboka, basi akarudi kuchukua wetu, tuliouacha pale kwenye kuta. Alimwona shemeji yake katika kiti, amevaa kanzu ya sherehe, Mzungu wa serikali mbele yake na kitabu, na jina la mumewe likitolewa kwa yule mwingine. Unadhani alifahamu nini? Bima? Unakumbuka baada ya matanga wazee walivyotaka Baba Mdogo amrithi Mama, naye Mama akakataa mbele ya watu wote. Alidhani tumekwenda kumwozesha kwa siri, na Bula Matari, yaani serikali, amekuja kuandika ndoa.

Akautupa mkoba wake chini. "Kasimu! Wee unakaa kwa kiti ya nani? Hii mambo nilishakatala mbele ya wazee! Mimi hapana sahani ya kurithi. Lukumani iko kwa makaburi, na mimi ningali bibi yake!"

Baba Mdogo alisahau hata kukohoa. Mzungu akauliza, mwanamke huyu anasema nini? Grégoire hakutafsiri. Alinitazama mimi. Mzungu hakuhitaji tafsiri, neno makaburi alilifahamu. Akampigia Grégoire kelele kwa Kifaransa, na maneno mawili niliyafahamu kwa kuwa wewe ulikuwa unayatumia ulipotoka shule, mwongo na mwizi. Alidhani Grégoire ndiye aliyemwandika maiti ili apate malipo yake ya uwakala. Akampokonya mfuko. Kijana yule hakujitetea.

Ningeweza kunyamaza. Baba Mdogo alinikonyeza ninyamaze. Grégoire si ndugu yetu, angeondoka na baiskeli yake, nasi tungesema tulidanganywa. Atumani, nilikaribia kunyamaza. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo Emilienne aliisikia kwake: "Ni mimi. Huyu kijana hakujua. Nilimwambia baba yangu yuko ndani mgonjwa, nikatia kidole cha mama yangu." Nikarudia mpaka Grégoire akatafsiri, analia.

Mzungu akamrudishia mfuko. Akapiga mstari juu ya karatasi yetu, akasema angetupeleka kwa Teritware, mkuu wa wilaya, lakini anamhurumia mama mzee. Gari likaondoka. Hakuna nyumba, hakuna bima, na mimi ndiye niliyefanya hivyo, mara ya kwanza kwa kusema uongo na mara ya pili kwa kusema kweli.

Nikamkalisha Mama kwenye kile kiti, nikamweleza yote, la kidole, la jina, na barua yako nikamsomea. Nisamehe, sikuruka mstari. Alisikiliza akiwa ameshika ungo magotini. Nilimwambia hatukutaka kugawa nyumba yeye akiwa hai, ilikuwa heshima. Akasema:

"Miaka tatu nilikuwa nangoja mumoja wenu aseme, Mama, tugawe, tukupe na wewe fungu yako, ukuwe na pahali pako ungali muzima. Hakuna mwenye alisema. Mwamvita, ile haikuwa heshima. Mulikuwa munangoja nikufe."

Leo ni siku ya nne, nalala naye mkeka mmoja, nampikia, anakula, ananiita mwanangu kama zamani, nami natafuta jibu ambalo si uongo na silipati. Omba ruhusa, mdogo wangu, na safari hii iombe kwa nguvu. Wakikunyima, njoo hivyo hivyo. Njoo tumjibu sisi wawili, na kama huna jibu wewe pia, njoo tukae mbele yake tunyamaze wote wawili, atuone.

Yaya wako,
Mwamvita binti Lukumani